Preseti za taa za jukwaani: panga mara moja, hama nazo kila ukumbi

Ijumaa sendoff Kisasa, hapa Dodoma. Jumapili kwaya Area C. Jumatano mkutano wa wakubwa wenye kamera za televisheni, na Jumamosi inayofuata ngoma za nje kule Chamwino, upepo ukipiga. Taa ni zilezile, konsoli ya kuziendesha ni ileile, lakini kila mahali trasi, ile fremu ya chuma tunayoning'inizia taa, ina kimo chake na meza kuu imewekwa alikopenda mpambaji. Fundi taa anayepanga kuanzia sifuri kila anapofika atakuwa bado anazungusha vifundo wakati MC ameshashika maiki.

Nimekuwa fundi wa namna hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonitoa huko ni preseti: rangi, mwelekeo au tabia nyingine ya taa iliyohifadhiwa kwenye konsoli kwa jina. Naandika hapa namna ninavyozitengeneza, kwa mtu ambaye tayari anajua kuunganisha waya wa DMX (unaobeba amri za konsoli kwenda kwenye taa) na kuwasha taa, ila kila onesho analianza upya.

Kyu inapoita jina

Ukimwambia bodaboda wa Majengo akupeleke kwa yule mama wa chipsi, humtajii barabara wala kona. Mama akihamisha banda, bodaboda anajua, na wewe unaendelea kusema vilevile. Kyu, yaani hatua moja ya onesho iliyohifadhiwa ili uiite kwa kitufe, ikijengwa kwa preseti inafanya hivyo hivyo. Haijaandikwa "kichwa namba 3, pan 127, tilt 88" (kichwa ni muvinghedi, taa inayojigeuza yenyewe; pan ni kulia na kushoto, tilt ni juu na chini). Imeandikwa "kichwa namba 3, Mimbari". Ukiicheza, konsoli inakwenda kuangalia Mimbari iko wapi leo. Sahihisha Mimbari mara moja, na kyu zote 45 zinazoitaja zimesahihika palepale.

Majina ya kitu chenyewe yanategemea konsoli. Kwenye grandMA ni preseti. Avolites na ChamSys wanaita paleti. ETC Eos inazo zote mbili: paleti inabeba jamii moja ya tabia za taa (mwangaza, mwelekeo, rangi au mwale), na preseti inaweza kubeba zote kwa pamoja. Hapa nitasema preseti tu, wewe tafsiri kwa konsoli iliyo mbele yako.

Kabla hujagusa preseti: adresi na upachi

Preseti nzuri juu ya upachi mbovu, yaani ile orodha inayoiambia konsoli taa gani iko adresi gani, ni kazi ya bure. Nichukue seti ya ukubwa unaokutana nao sana hapa mjini: taa 12 za PAR za LED (zisizozunguka), za chaneli 8 kila moja, na muvinghedi 8 za chaneli 16. (Ndiyo, nasema PAR, ingawa sote tunatamka "paa". Kuna kijana niliwahi kumwambia "nenda kaangalie paa", akatoka nje kutazama bati.)

DMX512, mfumo uliowekwa mwaka 1986 na taasisi ya Marekani ya USITT, unabeba chaneli 512 kwenye mkondo mmoja, kwa hiyo nafasi ni tele. PAR nazipa adresi 1, 9, 17, 25 na kuendelea hadi 89. Ya mwisho inaishia chaneli ya 96. Halafu naruka mpaka 101 kwa muvinghedi: 101, 117, 133, 149, 165, 181, 197 na 213. Chaneli nne zilizobaki katikati sizililii. Namba 101 inakumbukika usiku ukiwa juu ya ngazi, 97 haikumbukiki. Mashine ya moshi naiweka 301, mbali na kila kitu, isije ikapuliza kwa bahati mbaya.

Andika adresi kwenye tepu, bandika ubavuni mwa taa, na usiibadilishe tena hata seti ikilala stoo miezi mitatu. Preseti zinakumbuka taa namba 5. Ukipandisha taa namba 5 mahali pa namba 8, mielekeo yote ya taa hizo mbili imekufa.

Modi ya chaneli nayo ichague vizuri. Muvinghedi nyingi zina modi fupi na modi ndefu, na tofauti mara nyingi ni ile chaneli ya pili ya pan na ya tilt, ya hatua ndogo. Usiiache. Chaneli moja ya DMX ina hatua 256 tu. Kichwa kinachozunguka nyuzi 540 kikiwa na chaneli moja ya pan, kila hatua ni zaidi kidogo ya nyuzi mbili, na mita kumi kutoka kwenye trasi, hatua hiyo ni karibu sentimita 37. Yaani unamlenga mwimbaji, mwale unakaa begani au unamruka kabisa, hakuna katikati. Ukiongeza chaneli ya pili hatua zinakuwa 65,536 na unaweza kulenga kitufe cha shati.

Mwisho, washa vichwa vyote, visukume kulia kwa pamoja. Kikienda kushoto kimoja, kimefungwa kinyume. Kigeuze pan kwenye upachi, sasa hivi, kabla ya preseti. Ukigeuza baadaye, kila mwelekeo uliokwisha kuhifadhi wa taa hiyo unageuka nao. Na kama vichwa vinatetemeka vyenyewe, kwanza angalia waya na uweke kizibo cha omu 120 kwenye taa ya mwisho ya mnyororo. Taa inayotetemeka huwezi kuilenga.

Makundi

Hapa pafupi. Tengeneza kundi la PAR zote, PAR za mbele, PAR za nyuma, vichwa vyote, vichwa witiri, vichwa shufwa, vichwa vya kushoto, vichwa vya kulia. Chagua taa kwa mpangilio wa kutoka kushoto kwenda kulia unapohifadhi kundi, maana konsoli nyingi zinakumbuka mpangilio wa kuchagua, na baadaye ukitaka vichwa vifunguke kama feni vitafuata mpangilio huo. Ukichagua ovyo, feni inatoka kama meno ya mzee.

Nawa mikono kabla ya kuhifadhi

Kila unachokigusa kwenye konsoli kinakaa mkononi mwake mpaka ukiachie. Umegusa rangi, ukagusa mwangaza, ukajaribu gobo (kibati cha kuchora picha kwa mwanga) kidogo ukaiacha: vyote bado vimeshikwa. Ukibonyeza kuhifadhi, vinaweza kuingia vyote. Konsoli nyingine zinachuja zenyewe: ukihifadhi kwenye dirisha la rangi zinachukua rangi tu. Lakini dirisha la preseti za jumla kwenye grandMA, au preseti za Eos, zinabeba kila ulichoshika. Ndiyo maana mazoea ni haya: bonyeza Clear mpaka mkono uwe mtupu, chagua kundi, gusa jamii moja tu, hifadhi, bonyeza Clear tena.

Nimejifunza kwa aibu. Ilikuwa harusi, ukumbi mmoja hapahapa mjini. Nilikuwa nimelenga meza kuu taa zikiwa zimewaka asilimia mia ili nione ninakolenga, nikahifadhi bila kuchuja. Usiku ukumbi ukazimwa kwa ajili ya sala. Nikaona huu ndio wakati wa kuvisogeza vichwa gizani vijipange, vikisubiri amina. Nikaita Meza Kuu. Vikaja, vyote vinane, na asilimia mia yao, usoni kwa maharusi. Mchungaji hakukatiza sala, nampa heshima yake. Ila baadaye mama wa bibi harusi alinifuata nikiwa nakunja waya.

"Mwanangu, ile radi ilikuwa ya nini?"

"Nisamehe mama, ni mkono wangu."

Tangu siku hiyo mwangaza siuweki ndani ya preseti yoyote ya rangi, mwelekeo wala gobo. Unakaa peke yake, kwenye fada (kitelezi cha konsoli) au kwenye kyu. Faida yake ndiyo hiyohiyo niliyoikosa: unaweza kukisogeza kichwa na kukibadilisha rangi kikiwa kimezima, watu wasione, halafu ukakiwasha kikiwa tayari mahali pake.

Rangi

Rangi kumi zinatosha, na kumi na mbili ni anasa. Zipe majina unayoyaita kwa mdomo, maana usiku wa onesho kiongozi wa kwaya hatakuambia "nipe nyekundu asilimia 60". Kwangu zipo hivi: Nyeupe Kamera, Maziwa, Njano, Machungwa, Nyekundu, Damu ya Mzee, Waridi, Urujuani, Bluu Bahari, Bluu ya Usiku, Kijani. Fundi mwenzangu akikaa kwenye kiti changu anaelewa bila kuuliza.

Sasa namna ya kuzitengeneza. Chagua PAR zote, changanya rangi mpaka jicho likubali, hifadhi kama Machungwa. Clear. Chagua vichwa vyote, changanya Machungwa tena kwa jicho ukifananisha na PAR, kisha uhifadhi kwenye preseti ileile, ukiambia konsoli iunganishe na si kufuta kilichomo. Usinakili namba kutoka taa moja kwenda nyingine. LED za viwanda viwili hazifanani. Nyekundu 100 na kijani 45 ambayo kwenye PAR ni machungwa safi, kwenye kichwa cha kampuni nyingine inaweza kutoka limau bichi. Ukimaliza una kitufe kimoja cha Machungwa kinachojua namba za kila aina ya taa.

Fanya kazi hii usiku, stoo au uani, kwenye ukuta mweupe, kisha nyosha mkono wako mwenyewe mbele ya taa. Ukuta unakudanganya kidogo, ngozi haidanganyi. Kijani usoni kwa mtu ni ugonjwa. Bluu ya Usiku peke yake inameza sura za watu weusi kama sisi. Iweke nyuma na pembeni, na mbele acha Maziwa au Machungwa hafifu. Na kundi la ngoma likija limevaa kaniki, jua kwamba nguo ile inakunywa mwanga. Utaongeza taa za mbele mpaka uchoke na jukwaa litabaki na vichwa na mikono vinavyoelea. Dawa ni kuwasha pazia la nyuma yao na kuwapiga mwanga wa mgongoni ili mabega yapate ukingo.

Nyeupe Kamera ihifadhi mwishoni, na mtu wa kamera akiwa pembeni yako. Muulize kamera ameiweka kwenye kelvini 3200 au 5600, kipimo cha weupe wa mwanga. Ya kwanza inataka nyeupe ya uvuguvugu kama ya balbu ya zamani, ya pili nyeupe ya mchana. Mkikubaliana, uso wa mgeni rasmi hautatoka wa bluu kwenye taarifa ya habari, na wewe utaitwa tena.

Vichwa vyenye gurudumu la rangi badala ya kuchanganya havina ujanja huu. Wewe hifadhi rangi ya gurudumu iliyo karibu zaidi. Kumbuka gurudumu linapotoka nyekundu kwenda bluu linapita kwenye rangi za katikati, na hadhira inaziona zote. Zibadilishe taa ikiwa imezima.

Jambo la mwisho la rangi: grandMA inakupa namna tatu za kuhifadhi. Moja inafanya kazi kwa taa zilezile ulizozichagua tu, ya pili kwa taa zote za aina hiyo, ya tatu kwa taa yoyote yenye uwezo huo. Kwa rangi tumia ya pili au ya tatu, ili ukiletewa PAR nne za nyongeza kutoka Dar ziitikie bila kupangwa. Kwa mielekeo, kamwe. Soma mbele.

Mielekeo, penye kazi yenyewe

Rangi unaitengeneza mara moja kwa mwaka. Mwelekeo unausahihisha kila ukumbi, kwa sababu kila kichwa kina namba zake kutokana na kiliponing'inia. Ndiyo maana mwelekeo unahifadhiwa kwa taa zilezile tu: ukiambia vichwa vyote vinane vitumie pan na tilt moja, vitatoa mistari minane inayoelea sambamba, na wala havitakutana kwa mwimbaji.

Chagua mielekeo michache yenye maana kila ukumbi. Yangu ni kumi: Mwimbaji, Mimbari, Meza Kuu, Bendi, Ngoma, Mlango, Pazia, Hadhira, Feni na Nyumbani. Angalia kwamba sijaandika "Mimbari ya Chimwaga". Jina libaki la kazi, mahali patajaziwa. Kyu yako inasema Mimbari, na Mimbari itakuwa kulia kwenye ukumbi huu na katikati kwenye ule.

Nyumbani ni pale vichwa vyote vinapotazama chini, palipo salama. Anza kila mwelekeo kutoka hapo. Washa kichwa kimoja, weka mwale mwembamba kabisa, mpeleke msaidizi asimame penyewe. Asimame kweli, na awe na urefu wa mtu atakayesimama, maana tunayemlenga ni kifua na uso na wala si zulia. Lenga, nenda kichwa cha pili, lenga, hadi cha nane, kisha hifadhi vyote kwa mpigo. Konsoli nyingi zina kitufe cha kuangaza taa uliyoishika na kufifisha nyingine, kitumie, kitakuokoa na swali la "hii ni ipi sasa?"

Kichwa cha nyuzi 540 kinaweza kufika sehemu moja kwa njia mbili, kwa kuzunguka kulia au kushoto. Hapo wengi tunateleza. Ukiacha kichwa cha 3 kimefika Mimbari kwa kulia na cha 4 kwa kushoto, siku utakapotoka Mimbari kwenda Bendi kimoja kitafyeka hadhira nzima kama panga kabla ya kufika. Pitia mielekeo yako yote mmoja hadi mwingine, taa zikiwa zimewaka, na utazame safari, usitazame mwisho tu. Kinachozunguka vibaya, kigeuze njia, sahihisha preseti.

Ngoma ina mambo yake. Kwenye muheme wa akina mama wa Kigogo, ngoma zinashikwa katikati ya mapaja, na mikono ndiyo onesho. Ukilenga uso tu umekosa nusu. Vivyo hivyo kwa mpiga ilimba, chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba alichotuzungushia dunia hayati Hukwe Zawose: mpigaji anakiinamia, na taa ya juu inaiweka mikono yake kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Mwelekeo wangu wa Ngoma umegawanyika: vichwa vya katikati kifuani, vya pembeni chini, kimo cha goti, vikiingia kwa ubavu. Wakisimama kucheza, vya pembeni vinashika miguu na vumbi lake, na vumbi la Chamwino likipigwa Machungwa kutoka ubavuni ni bure na ni zuri kuliko moshi wa mashine.

Moshi wenyewe, nje, usiutegemee. Upepo wetu, hasa kuanzia Juni mpaka Septemba, unaubeba kabla haujafika kwenye trasi. Ndani ya ukumbi uliofungwa mwelekeo wa Feni unaolenga hewani unapendeza kwa sababu moshi unaonesha mistari ya mwanga. Nje mistari hiyo haipo, na watu wataona tu jukwaa limekuwa giza. Kwa hiyo Feni yangu ya nje nailenga kwenye pazia au juu ya turubai, kitu chochote chenye uso wa kupokea mwanga. Jina linabaki Feni.

Na jua. Dodoma linazama kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi mpaka saa moja, kutegemea mwezi, na shughuli nyingi za nje zinaanza saa moja kamili kwa ratiba. Huna giza la kulengea. Ninachofanya ni kumpa msaidizi shuka jeupe alinyooshe kifuani pale mwimbaji atakaposimama. Kuanzia saa kumi na moja na nusu, mwale mwembamba bila rangi unaonekana kwenye shuka hata kama hauonekani kwenye zulia.

Gobo, mwale na zile nyingine

Sitakaa hapa. Hifadhi gobo mbili au tatu unazozitumia kweli, prizimu (kioo kinachogawa mwale) imewashwa na imezimwa, mwale mwembamba na mpana, strobu (mwanga wa kumetameta) ya polepole na ya haraka. Halafu tengeneza moja muhimu kuliko zote, iite Safi: bila gobo, bila prizimu, shata (kizuizi cha mwanga) wazi, strobu imesimama. Kitu chochote kikiharibika katikati ya onesho, unabonyeza Safi na Maziwa, na jukwaa lina mwanga wa heshima ukiwa unatafuta tatizo. Strobu ya haraka usiielekeze kwa hadhira kwa muda mrefu. Kuna watu inawaletea kifafa.

Tofauti na rangi, ukali wa picha ya gobo unategemea umbali. Ulioukaza kwa ukumbi wa trasi ya mita sita utaonekana wa ukungu kwenye trasi ya mita nne. Weka ukali kwenye orodha ya vitu vya kusahihisha kila ukumbi, pamoja na mielekeo.

Kujenga kyu bila kugusa kifundo

Sheria ni moja na ni ngumu kuitii: unapojenga kyu, gusa preseti tu. Chagua kundi, gusa Mimbari, gusa Maziwa, gusa Safi, panga mwangaza, hifadhi kyu. Ukigusa kifundo cha pan "kusogeza kidogo tu", kiungo kimekatika. Kyu hiyo sasa ina namba, na siku mimbari ikihama, taa hiyo moja itabaki inamulika ukuta. Kama kweli unahitaji kusogea kidogo, tengeneza preseti nyingine, Mimbari 2.

Jaribio la kujua kama umefanya vizuri ni hili. Fungua orodha ya kyu na usome: panapotakiwa kuwa na neno Mimbari, pameandikwa Mimbari au pana namba? Kisha badilisha Maziwa kwa muda iwe Kijani, pitia kyu zote. Uso wowote wa Maziwa ambao haukugeuka kijani, kiungo chake kimekatika. Kirekebishe, halafu urudishe Maziwa kabla kiongozi wa kwaya hajaingia.

Mwendo wa taa pia ujengwe hivyo. Konsoli nyingi zinaruhusu taa kucheza kati ya preseti mbili, kwa mfano Bendi na Hadhira. Ukisahihisha hizo mbili mwendo wote unahamia ukumbi mpya wenyewe.

Kuingia ukumbi mpya

Trasi imepanda, umeme upo. Nakili faili la onesho kwanza, fanya kazi kwenye nakala. Pima kama vichwa vimefungwa kwa mpangilio wa 1 hadi 8 kutoka kushoto. Kosa hapa lirekebishwe kwa mikono juu ya ngazi, si kwa konsoli.

Halafu shika preseti moja moja. Chagua vichwa vyote, ita Mimbari, tazama vilipoangukia, sogeza kila kimoja mpaka mahali pake, bonyeza Update. Konsoli ikiuliza kama inasahihisha kyu au preseti, jibu preseti. Soma swali hilo kwa makini. Ukijibu kyu umevunja kiungo na umepoteza muda uliokuja kuokoa. Mielekeo kumi kwa vichwa vinane ni kulenga mara 80. Kwa nusu dakika kila mara ni dakika 40, na ukizoea ni chini ya hapo. Kyu zenyewe huzigusi.

Anza na Mimbari, Mwimbaji na Meza Kuu. Muda ukiisha kabla hujafika Mlango, hakuna atakayekufa.

Ukikuta taa za kukodi za aina nyingine, badilisha aina kwenye upachi kwa njia ambayo konsoli yako inatoa ya kunakili tabia za taa moja kwenda nyingine, halafu sahihisha rangi kwa jicho na mielekeo kama kawaida. Usifute taa ya zamani kwanza. Ukiifuta, inaondoka na kila ilichokumbuka.

Faili

Hifadhi kabla ya saundicheki, baada ya saundicheki, na kabla mgeni rasmi hajaingia. Flashi mbili, moja mfukoni, nyingine kwenye sanduku la waya. Jina la faili liwe na tarehe na mahali, na faili mama, lile lenye preseti zote lakini halina kyu za mtu, liwe na jina lake na lisiguswe ukumbini. Konsoli iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukipepesa sekunde moja, jenereta inachukua muda kuamka, na konsoli inachukua muda zaidi. Ukienda kutumia konsoli ya mwenyeji, uliza toleo la programu mapema, kwa sababu faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya kwa kawaida halifunguki kwenye la zamani.

Programu za mezani za ChamSys na grandMA zinapakuliwa bure na zinafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Makundi, majina, rangi za kuanzia na kyu unaweza kuzipanga nyumbani Nkuhungu ukiwa na chai. ChamSys hata inakutengenezea rangi na mielekeo ya mwanzo yenyewe ukimaliza kupachi. Zichukue kama kianzio, kisha uzipitie kwa jicho. Kitu pekee kinachobaki kwa ajili ya ukumbini ni kupanda, kuwasha, na kumwambia msaidizi, "Haya mdogo wangu, chukua shuka, kasimame mimbari."